Bakteria Rafiki na Ukurutu wa Watoto Wachanga

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, mara nyingi huanza katika mwaka wa kwanza wa maisha. Ngozi hukauka na kuwasha, mtoto hujikuna usiku kucha, na mama naye hukesha. Wazazi wengi hujiuliza iwapo probiotiki, yaani bakteria rafiki wauzwao kama matone au unga, zaweza kuleta nafuu.

Swali hilo lina msingi. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Walaji wake ni bakteria wa utumboni, hasa bifidobakteria. Bakteria hao huifunza kinga ya mwili kumtambua adui na kumvumilia asiye adui. Funzo hilo likipungua, mzio hupata nafasi.

Mwaka 2001, watafiti wa Turku, Finland, walichapisha matokeo yaliyoamsha matumaini. Kina mama wajawazito wenye mzio katika familia zao walipewa Lactobacillus GG, na matumizi yakaendelea miezi 6 baada ya kujifungua. Watoto walipofikia miaka 2, ukurutu ulionekana kwa 15 kati ya 64, ilhali kwa waliopewa dawa bandia ulionekana kwa 31 kati ya 68. Hata hivyo, utafiti wa Freiburg, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2008, ulitumia bakteria huyo huyo bila kuona tofauti.

Isitoshe, kukinga si kutibu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyojumuisha majaribio 39 na washiriki 2,599 waliokwisha kuugua, yalionyesha kwamba probiotiki huenda zisipunguze muwasho na kukosa usingizi, au zikavipunguza kidogo mno.

Kwa hiyo, tiba ya kutegemewa ingali ile ile: kupaka mafuta ya kulainisha ngozi kila siku, kuepuka sabuni kali, na kutumia krimu ya steroidi kwa maelekezo ya daktari. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, asipewe mtindi kwa nia ya kumponya. Kwa watoto njiti tahadhari ni kubwa zaidi: bakteria walio hai waweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha. Fedha ya matone hayo ingefaa zaidi ikinunua mafuta ya kupaka.