Kompaila, Kasi na Usahihi katika Hesabu za Malaria

Kutoka Mombo barabara hupanda hadi Lushoto, takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo vimelea vya malaria vinavyochelewa kukomaa ndani ya mbu. Tofauti kama hii baina ya bonde na milima ya Usambara huweza kuigwa kwa kompyuta. OpenMalaria, iliyoandikwa kwa lugha ya C++, ni mojawapo ya programu za uigaji huo. Nayo huendeshwa mara nyingi mno, kwani hesabu zake zina matukio ya kinasibu.

Maandishi ya programu hufasiriwa kuwa amri za mashine na programu nyingine iitwayo kompaila. GCC, iliyotolewa mwaka 1987, na Clang hufasiri maandishi yale yale kwa namna tofauti, hivyo muda wa kazi hutofautiana. Iliyo bora haijulikani mpaka zote zipimwe kwa programu husika, juu ya mashine ile ile.

Lakini saa pekee haitoshi kwa tabibu. Chaguo la -ffast-math huiruhusu kompaila kubadili mpangilio wa kujumlisha. Katika namba za desimali za biti 32, 16,777,216 ikiongezwa 1 mara mia, moja moja, haisogei kabisa; moja hizo zikijumlishwa kwanza, hupatikana 16,777,316. Pengine mia hiyo ni wagonjwa wanaokadiriwa kabla ya vyandarua kugawiwa. Kwa hiyo majibu ya kompaila zote hulinganishwa kwanza, kwa namba ile ile ya kuanzia unasibu. Saa husomwa baadaye.