Boston: Basi Lilisingiziwa

Habari ya kuvunja ubaguzi wa rangi katika shule za Boston, Marekani, imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha mabasi. Septemba 1974 watoto Weusi walipopelekwa kwa amri ya mahakama katika shule za South Boston, mtaa wa Wazungu wengi wenye asili ya Ireland, mabasi yao yalipigwa mawe. Tangu hapo husemwa kwamba mpango uliharibika kwa sababu jaji aliwalazimisha watoto kusafiri. Lakini mabasi ya shule hayakuletwa na mahakama. Yalikuwepo zamani, na watoto wengi wa jiji walikuwa wakiyapanda bila mzazi kuokota jiwe.

Katika hukumu ya 21 Juni 1974, Jaji W. Arthur Garrity alithibitisha kwamba Kamati ya Shule, iliyochaguliwa na wapiga kura, iliendesha kwa makusudi mifumo miwili, mmoja wa Weusi na mwingine wa Wazungu. Ilifanya hivyo kwa kuchora mipaka ya shule, kuwapanga walimu na kuamua nani aendelee na masomo wapi. Sheria ya jimbo ya 1965 iliyoitaka irekebishe hali hiyo, Kamati iliipiga danadana kwa miaka tisa. Na hilo ni jimbo la Massachusetts, ambalo lilikwisha kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo mwaka 1855! Louise Day Hicks, aliyewahi kuiongoza Kamati, alidai wazazi walitaka tu watoto wasome karibu na nyumbani. Ni matakwa ya haki kwa mzazi yeyote. Ila ujirani huo haukuiumiza Kamati kichwa pale ilipokuwa ikipinda mipaka ili rangi zisichanganyike.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wazungu walihama, shule zikabaki na watoto Weusi na wengine wasio Wazungu. Ni kweli walihama. Walikuwa wameanza kabla ya hukumu, nayo ikawahimiza. Lakini waliwezaje kuikwepa amri kwa kuvuka tu mpaka wa jiji? Jibu lilitoka Washington mwezi mmoja baada ya hukumu ya Garrity. Katika kesi kama hiyo kuhusu shule za jiji la Detroit, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba miji ya pembezoni haiwezi kuingizwa katika mpango kama huo isipothibitika kuwa nayo ilichangia ubaguzi. Kwa hiyo mzigo ukaangukia maskini wa Roxbury, mtaa wa Weusi wengi, na maskini wa South Boston, huku wenye uwezo wakitazama kutoka miji kama Wellesley, alikoishi jaji mwenyewe. Miji hiyo ya pembezoni ilishiriki kwa hiari tu, kupitia mpango wa METCO ulioanza 1966, ikipokea watoto wa Boston kwa idadi iliyojipangia yenyewe.