Kilo Nne na Nusu za Mtu Asiyekula Mlenda

Mtu mnene akienda kupima presha hurudi na ushauri ule ule: tembea nusu saa kila siku, kula mboga za majani kwa wingi, punguza wanga. Kwa kijana wa Masasi mjini mwenye magoti mazima, ushauri huo unatosha. Sasa mchukue mama wa Newala wa miaka 58, mwenye kilo 90, ambaye akitaka kuinuka kitini hushika kwanza ukuta, na ambaye mlenda ukifika ulimini anatapika. Bamia hali, matembele hali, papai anasema linanuka. Ukimpa orodha ile ataipokea kwa heshima, ataifunga kwenye pindo la khanga, na mwezi ujao atapanda mizani akiwa na kilo 91.

Mama huyu ni wa mfano, lakini wanaofanana naye wanaongezeka. Takwimu za taifa za Tanzania za afya ya uzazi na mtoto zinaonesha kwamba mwaka 2004/05 wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kufikia 2015/16 walikuwa 28. Hao ni nchi nzima, na unene umekolea zaidi mijini, ila vijijini nako haujabisha hodi. Umeingia.

Uwanda wa Makonde una historia yake katika hili. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 aliwakuta Wamakonde wakiishi juu kwenye uwanda mkavu, maji yakiwa chini bondeni. Anayeujua mwinuko wa pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda hapo Newala, anaelewa kazi ya kushuka na ndoo tupu na kurudi nayo imejaa. Hakuna anayetamani siku zile zirudi. Lakini mwili uliokuwa ukipanda mlima kila siku leo unapanda bodaboda, na chakula kimebaki kile kile, kimeongezewa mafuta, sukari na soda.

Nianze na goti, kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa mapema. Mgonjwa huambiwa apungue ili goti lipone, naye hujibu, tena kwa haki, kwamba hawezi kutembea ili apungue. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima mzigo unaoliangukia goti la mtu mnene mwenye ugonjwa wa maungio, wakaona kwamba kila kilo moja inayoondoka mwilini hulipunguzia goti kama kilo nne kwa kila hatua. Mama wetu akipungua kilo nne na nusu, goti lake litapunguziwa mzigo wa kilo 18 kila anapokanyaga. Utafiti mwingine wa Marekani, ule wa mji wa Framingham uliochapishwa mwaka 1992, ulikuta kwamba wanawake waliopungua kama kilo tano katika miaka kumi walipunguza zaidi ya nusu ya uwezekano wa kupata ugonjwa huo wa goti. Miaka kumi, jamani. Siyo wiki mbili za kunywa maji ya limao na tangawizi.

Sikuichagua kilo nne na nusu kwa kubahatisha. Ni asilimia tano ya kilo 90, na hapo ndipo sukari ya damu, presha na maumivu vinapoanza kuonesha nafuu. Anayeahidi kilo 20 kwa miezi miwili anauza kitu, mtazame mkononi. Kwa mtu asiyeweza kutembea sana, kilo moja kwa mwezi ni kazi nzuri, nusu kilo si aibu, na miezi sita ni muda wa haki.

Na je, kutokutembea kumemnyima nini hasa? Kidogo kuliko anavyodhani. Mtu wa kilo 90 akitembea taratibu nusu saa hutumia takriban kalori 130 hadi 150. Konzi moja ya korosho zilizobanguliwa, kama 18 au 20 hivi, ina kalori zaidi ya 150. Kutembea kuna faida zake nyingi kwa moyo, kwa usingizi, kwa moyo wa furaha, ila hesabu ya uzito kwa sehemu kubwa hufanyika jikoni. Mwenye goti bovu hajafungiwa mlango.

Kuhusu kuchagua chakula, tuache kwanza kuwasuta watu. Mtu mzima asiyekula mboga huambiwa anadeka. Mara nyingi kuna sababu: meno yamekwisha na majani yanamkwama, vidonda vya tumbo vinamfanya aogope vyenye uchachu, mwiko wa ukoo, au utelezi tu unaomtia kinyaa tangu utotoni. Kinyaa hakiondoki kwa kukaripiwa. Kwa hiyo mimi huanza kwa swali tofauti: unakula nini bila kulazimishwa? Mama wetu anataja ugali wa muhogo, wali, mbaazi, kuku, mayai, dagaa, korosho, embe na chai. Vitu tisa. Kwa vitu tisa hivyo mtu anaweza kupungua bila kuonja mlenda hata siku moja.

Tazama sahani yake ya mchana. Bonge la ugali wa makopa lililotoka kwenye gramu 200 za unga lina karibu kalori 700, na protini yake ni gramu tatu nne tu, kwa maana muhogo mkavu hauna protini ya kutaja. Pembeni kuna mbaazi vijiko vitatu, kama kitoweo cha kusindikizia. Mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100, na uwanda huu pamoja na Masasi ni nyumba ya mbaazi. Geuza sahani hiyo: ugali upunguzwe robo, mbaazi ziwe mara mbili. Robo ya bonge lile ni kalori 170 hivi; mbaazi zitarudisha sehemu yake, lakini tumbo litashiba mapema na kukaa muda mrefu bila kudai, na misuli italindwa. Hili la misuli ni muhimu kwa mwenye ulemavu au maumivu, kwa sababu anayepungua kwa kushinda njaa hupoteza nyama ya mapaja pamoja na mafuta, kisha anashindwa hata kuinuka msalani.

Mbaazi hizo zimeungwaje? Kama ni kwa nazi, tui zito la kwanza ndilo lenye mafuta mengi. Tumia la pili, na la kwanza libaki kwa siku ya wageni. Kama ni kwa mafuta ya kupikia, acha kumimina kutoka kwenye chupa, pima kwa kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni kalori kama 120, na mkono unaomimina haujui kuhesabu. Dagaa wa kukaanga wanaweza kuwa dagaa wa kuchemsha na nyanya. Muhogo na ming'oko ya kuchemsha haina shida kubwa ikiliwa badala ya ugali. Ikiliwa juu ya ugali, au muhogo ukizamishwa kwenye karai la mafuta, hesabu inabadilika.

Halafu kuna korosho, na hapa niseme taratibu kwa sababu nazungumza na wenye korosho zao. Korosho ni chakula kizuri: ina mafuta yasiyodhuru moyo, ina protini, ina madini. Tatizo ni vipande. Anayebangua nyumbani hutenga korosho nzima za kuuza, na zilizovunjika hubaki kwenye ungo mbele yake. Amekaa hapo tangu asubuhi, goti haliruhusu kuinuka, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine unapeleka kipande mdomoni. Hakuna anayeiita hiyo kula. Hata ukimuuliza jana alikula nini, hataitaja. Gramu 100 zilizoliwa hivyo zina kalori zaidi ya 550, karibu mlo mzima. Dawa yake si kuacha korosho: weka konzi moja kwenye kikombe cha chai asubuhi, hiyo ndiyo ya leo, vipande vingine viingie kwenye kopo lenye kifuniko kabla kazi haijaendelea.

Chai nitaieleza haraka. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni kalori 150 kwa siku, au zaidi kijiko kikiwa cha mlima. Shuka kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea. Soda na juisi za paketi zinywewe harusini.

Mboga je? Sitamdanganya mama kwamba hazina maana. Lakini anayechukia utelezi si lazima achukie kisamvu, ambacho hakitelezi. Kitwangwe, kichemshwe vizuri mpaka kiive, maana kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi, kisha kijiko kimoja kichanganywe kwenye mbaazi anazozipenda. Kijiko kimoja tu, kitu kimoja kipya kwa wakati, mara kumi au zaidi kabla ya kukata shauri. Akikataa baada ya hapo, tumeelewana, tuhamie kwenye tunda. Embe analila. Na bibo, tunda la mkorosho, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ingawa linakausha mdomo. Ila liliwe likiwa tunda, lisisubiri kuwa uraka, pombe ya mabibo, kwa sababu kila gramu ya kilevi ina kalori saba na haishibishi.

Kuhusu mazoezi, kiti kinatosha. Kaa, nyoosha mguu mmoja mbele mpaka paja likaze, hesabu hadi tano, shusha. Mara kumi kila mguu. Kama goti linaruhusu, inuka kitini na kukaa bila kujitupa, mara tano, kiti kikiwa kimeegemea ukuta. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kwa mikono. Aliyepooza upande mmoja aanze na upande wenye nguvu, na mazoezi ya upande wa pili aelekezwe na mtaalamu wa viungo.

Kipimo nacho kina hila zake. Aliyekatwa mguu chini ya goti amepungukiwa kama asilimia sita ya uzito wa mwili, kwa hiyo chati ya urefu na uzito ukutani inamdanganya kwamba yuko salama. Asiyeweza kusimama kwenye mizani atumie futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 88 ni hatari. Kwa mwanaume, zaidi ya 102. Nguo inayolegea kiunoni ni habari njema hata siku mizani inaponuna.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakiko jikoni. Mama akianza kupungua, majirani wataanza. "Mama, mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Sehemu zetu zilipopita kwenye miaka mibaya ya UKIMWI, kukonda kulikuwa hukumu, na unene mpaka leo ni ushahidi kwamba nyumba ina amani. Nimeona wengi wakirudia bonge la ugali la zamani kwa sababu ya salamu hiyo. Jibu liandaliwe mapema na liwe fupi: "Napunguza kwa ajili ya goti." Mume, watoto na wakwe walijue kabla jirani hajauliza. Na kwa kuwa wengi hula sinia moja, ambamo hakuna ajuaye amekula kiasi gani, aombe sahani yake, bila kujitenga na wenzake.

Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi asipunguze ugali kabla ya kuonana na daktari, awe wa hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au wa kituo cha karibu, kwa sababu dozi ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi kupoteza fahamu. Na mwenye maumivu anayenunua dukani prednisoloni au deksamethasoni bila cheti ajue kwamba dawa hizo zinaongeza hamu ya kula na mafuta tumboni. Akiwa amezitumia muda mrefu, asiziache ghafla bila kuelekezwa.

Mwisho, kalenda. Kwa mkulima wa hapa mwaka una miezi miwili mitatu ya fedha, mnada wa korosho unapoanza kulipa kuanzia Oktoba au Novemba. Harusi zinaingia, ngoma zinaingia, chipsi kuku na soda vinakuwa chakula cha kila jioni. Simshauri mtu aanze kupungua wakati huo. Lengo la msimu liwe kubaki palepale: kikombe cha korosho, sahani yake, chai yake. Kazi ya kushusha kilo ianze masika yakikolea, na ipate nguvu mwezi wa saba na wa nane, mbaazi zinapotoka shambani na bei yake iko chini.