Shoro wa Basra na Maji ya Mito Mitatu

Kila Novemba na Desemba, katika siku za mwezi mwandamo, ukungu wa usiku hufunika kilima cha Ngulia, Tsavo Magharibi, Kenya. Ndege wanaotoka Ulaya na Asia hupotea njia, wakavutwa na taa za loji iliyo pale, na alfajiri watafiti huwanasa kwa nyavu nyembamba. Tangu 1969 kazi ni ile ile: ndege hupimwa, huvishwa pete yenye namba, huachiwa aendelee na safari.

Miongoni mwao yumo shoro wa Basra, Acrocephalus griseldis. Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, wala si wa kupigwa picha ya kalenda. Msimu wetu wa mvua za vuli humkuta njiani kuelekea vichaka vya mto Tana wa chini, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Lakini karibu wote huzaliana sehemu moja tu: kwenye matete ya vinamasi vya kusini mwa Iraki, nchi ya mito Tigri na Frati.

Baada ya maasi ya 1991 nchini humo, serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kujenga matuta ili kuwakaushia maji Waarabu wa vinamasi waliompinga. Kufikia 2000, takriban sehemu tisa kwa kumi za vinamasi zilikuwa zimekauka. Saddam alipoanguka 2003, wenyeji hawakungoja mtaalamu. Walibomoa matuta wenyewe, na matete yakarudi kwa kiasi. Hati zilifuata nyuma yao: Hawizeh, mojawapo ya vinamasi hivyo, iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu 2007, delta ya Tana 2012, na vinamasi vya Iraki vikawa urithi wa dunia wa UNESCO 2016.

Hati hizo ni njema, ila hazina maji ndani yake. Bwawa la Ilısu, Uturuki, lilianza kujazwa 2019, nalo linashika Tigri kabla haujafika Iraki. Kwetu nako, Tana hupita mabwawa kadhaa ya umeme kabla ya kuifikia delta, ambako mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma hutegemea mafuriko yale yale anayoyategemea shoro.

Wataalamu wa ndege wa nchi hizi wanaelewana bila shida. Pete ya Ngulia huwaonyesha ndege alikopita, lakini haifungui lango la bwawa. Kikao chochote cha kumnusuru shoro wa Basra ambacho hakijawaita wahandisi wa maji bado hakijaanza.