KIWAVI WA MAHINDI: MKUNJE ANGALI MCHANGA

Ukiingia katika shamba la mahindi ukute majani yametobokatoboka kama chekeche, jua kuwa mgeni keshafika. Mgeni mwenyewe ni kiwavijeshi ambaye asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na kufikia 2017 alikuwa ameshaingia Kenya. Wengi humlaani, lakini ni wachache wanaojua maisha yake. Hebu tumchunguze.

Nondo jike hutaga mayai usiku, mengi kwa pamoja, juu ya jani. Wakati wa joto mayai huanguliwa baada ya siku 3 hivi. Kiwavi anayetoka hafiki hata milimita 2! Ukimwona utasema, "Ah, huyu ataweza nini?" Yeye hukwaruza jani upande mmoja tu, likabaki na madoa meupe kama vidirisha.

Kazi yake ni moja: kula. Lakini ngozi yake haitanuki sana, na kichwa chake ni kigumu. Basi ngozi ikimbana, anaacha kula, anatulia, kisha inapasuka naye anatoka na mpya iliyo kubwa zaidi, mfano wa mwanafunzi aliyenunuliwa sare mpya. Anajivua hivyo mara 5, kwa hiyo anapitia hatua 6. Wakati wa joto safari hii yote huchukua wiki 2 au 3 tu.

Hatua ya mwisho ndiyo balaa. Sasa ana urefu wa milimita 30 hadi 40, na usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa. Zaidi ya nusu ya chakula chote anachokula kiwavi hukila katika hatua hii moja! Tena amejificha katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapochipukia, akajiziba kwa kinyesi kilicho kama unga wa mbao. Dawa haimfikii kwa urahisi. Akishiba hushuka, akajichimbia udongoni na kuwa pupa. Baadaye hutoka nondo, na mambo huanza upya.

Umeona sasa? Anayengoja mashimo makubwa amechelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Likizo ijayo usingoje kutumwa. Kagua mahindi tangu yakiwa machanga, ponda mayai kwa vidole, tafuta vile vidirisha. Karo ya wengi wetu imo ndani ya magunia hayo!