ANATAKA MTUMBWI KWA BEI YA KASIA

Ndugu wafanyakazi, wengine watauliza chama kina habari gani na tovuti za intaneti, wakati wenzetu wa kiwanda cha simenti Tororo na wa mashamba ya miwa wana madai yao. Tunajibu hivi: wanaotengeneza tovuti hizo hapa Busia ni watoto wenu mliowasomesha kwa mishahara hiyo hiyo, nao wananyonywa.

Tuchukue jambo la Majanji. Mwenye nyumba ya wageni alimwita kijana amtengenezee tovuti yenye picha, bei za vyumba na mahali pa mgeni kulipia kwa simu. Akatoa shilingi 100,000 za Uganda. Mbona Facebook ni bure, alisema! Bwana huyu ana mtumbwi wa futi 28, kama sheria ya uvuvi ya Uganda inavyotaka. Alipouagiza hakubishana na fundi juu ya mbao, misumari na pamba ya kuzibia nyufa, maana aliviona kwa macho. Tovuti aliitaka kwa bei ya kasia.

Jina la tovuti, kama lile linaloishia na .ug au .ke, hulipiwa kila mwaka. Usipolipa, mwingine aweza kulichukua. Kurasa zenyewe hukaa kwenye kompyuta ya watu, nayo ina pango kama chumba. Intaneti ya kufanyia kazi hununuliwa, na tangu Julai 2021 serikali ya Uganda hutoza juu yake ushuru wa 12 kwa mia. Ni kweli, programu kama WordPress hutolewa bure tangu 2003. Lakini fundi akipewa randa bure, bado anataka kula.

Lililo baya zaidi ni nyongeza. Bei ikishakubaliwa, mteja huomba ukurasa mwingine, rangi nyingine, lugha nyingine, bila kuongeza senti. Mkata miwa anayelipwa kwa tani anaijua dhuluma hii: ni kukata shamba la pili kwa malipo ya la kwanza. Kijana wetu alifanya hivyo wiki sita, na pesa za jina na pango akatoa mfukoni mwake.

Vijana, andikeni mapatano kabla ya kugusa kazi. Yataje idadi ya kurasa, bei ya kila nyongeza, na nani atalipa jina na pango mwaka wa pili. Nusu ya malipo ipokelewe kwanza. Na nyinyi wazazi, mtoto akikataa kazi ya namna hii msimwite mvivu.

Mwenye nyumba ya wageni bado anadaiwa. Tumemwandikia barua.