Ugonjwa wa Moyo Hauna Kabila, Bali Una Ukoo

Mara nyingi husikika msibani kwamba marehemu alianguka tu, hakuwa mgonjwa. Jioni alikula na wanawe, alfajiri hakuamka. Ndipo wazee wa ukoo wanapokumbuka kuwa baba yake naye aliondoka vivyo hivyo, na baba yake mdogo pia, wote kabla hawajatimiza miaka hamsini. Minong'ono huanza. Mmoja hutaja mkono wa mtu, mwingine husema nyumba ile ina laana. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingeweza kuwaokoa watoto waliobaki: je, yawezekana watu wa ukoo huu wanarithishana hatari ya ugonjwa wa moyo?

Swali hilo ni la haki, na sayansi inalo jibu. Lakini katika miji yetu jibu hilo hufunikwa na dhana mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa wa moyo ni wa Wazungu na matajiri. Ya pili ni kwamba kilichomo katika damu hakiondoki, na kwa hiyo hakuna faida ya kuhangaika. Dhana zote mbili zimekwisha kuua watu ambao wangeweza kuishi.

KITABU CHENYE NAKALA MBILI

Kila mmoja wetu hupokea kutoka kwa wazazi wake maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maagizo hayo huitwa vinasaba. Tunaweza kuyafananisha na kitabu kirefu chenye nakala mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Herufi ikibadilika, neno nalo huweza kubadilika. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote, machache huleta maradhi, na mengine huleta kinga.

Mfano ulio wazi unahusu mafuta ya damu yaitwayo kolesteroli, au lehemu. Mwili unayahitaji, lakini yakizidi huganda ndani ya kuta za mishipa na kuiziba polepole, na mshipa ulishao moyo ukiziba, sehemu ya moyo hufa. Katika miaka ya 1970, wataalamu wawili wa mjini Dallas, Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waligundua kwamba juu ya chembe za mwili kuna vipokezi mithili ya milango, ambavyo huyapokea mafuta hayo na kuyaondoa katika damu. Ini ndilo lenye kazi kubwa zaidi katika usafishaji huo. Mtu aliyerithi kasoro katika nakala moja ya maagizo ya milango hiyo huwa na milango pungufu, na mafuta hurundikana katika damu yake tangu siku anayozaliwa, hata akiwa mwembamba na mla mboga. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1985.

Kasoro hiyo humpata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani. Mzazi mwenye nayo aweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mtoto aliyerithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama, huweza kupata shambulio la moyo kabla hata hajawa mtu mzima. Mwaka 1984, mjini Pittsburgh, mtoto wa kike wa miaka 6 mwenye hali hiyo alipandikizwa moyo mpya pamoja na ini jipya; moyo kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umeharibika, na ini ili damu ipate milango ya kuisafisha.

NI RANGI AU NI UKOO?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba hali hii huonekana zaidi katika jamii fulani. Miongoni mwa Wazungu wa Afrika ya Kusini wazungumzao Kiafrikaans, ambao wengi wetu huwaita Makaburu, humpata takriban mtu mmoja kati ya 80. Wakanada wa jimbo la Quebec wenye asili ya Ufaransa nao wanayo kwa wingi, na Walebanoni kadhalika. Je, sababu ni weupe wao? La hasha. Walowezi walioanza kuingia Rasi mwaka 1652 walikuwa wachache, wakaoana wao kwa wao, na kasoro ya wahenga wachache ikaenea kwa wajukuu wengi. Jambo hilohilo laweza kutokea katika kijiji chochote, kisiwa chochote na ukoo wowote ambao watu wake wameoana kwa vizazi vingi.

Bara Hindi nalo lina fundisho lake. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba takriban watu wanne katika kila mia wa eneo hilo wamerithi upungufu wa herufi 25 katika maagizo ya protini mojawapo ya misuli ya moyo. Wengi wao huishi vizuri ujanani, lakini umri unaposonga hatari ya moyo kudhoofika huongezeka. Habari hii yawahusu pia majirani zetu wa Afrika Mashariki ambao babu zao walivuka bahari kutoka huko.

Na Mwafrika je? Yeye amerithi mizigo na amerithi akiba. Kwa upande wa mizigo, ipo aina ya chembe za mafuta ya damu iitwayo lipoprotini (a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Kiasi chake huamuliwa zaidi na urithi, kikizidi huongeza hatari ya moyo, na kwa wastani watu wa asili ya Kiafrika wanacho kingi kuliko Wazungu. Kwa upande wa akiba, watafiti wa mjini Dallas, Jonathan Cohen na Helen Hobbs, walionyesha mwaka 2006 kwamba kati ya Wamarekani weusi waliochunguzwa, watu 2.6 katika kila mia walikuwa na badiliko linaloizuia protini moja isiiharibu ile milango tuliyoitaja. Damu yao ilikuwa na mafuta mabaya kidogo, na katika muda wa miaka 15 hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Nchini Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana aliyerithi badiliko la namna hiyo kwa baba na kwa mama. Mafuta hayo mabaya yalikuwa karibu hayamo katika damu yake, naye alikuwa mzima wa afya. Kutokana na elimu hiyo zilitengenezwa dawa mpya za sindano zilizoidhinishwa mwaka 2015. Hivyo herufi zilizomo katika damu ya watu wa asili ya Kiafrika zimesaidia kuleta dawa ya kuwatibu wanadamu wote.

DAMU ILE ILE, MAISHA MENGINE

Lau urithi ungekuwa ndio hukumu ya mwisho, watu wa damu moja wangeugua sawasawa popote waishipo. Sivyo ilivyo. Kuanzia mwaka 1965 watafiti waliwalinganisha wanaume wa Kijapani wakaao Japani, wakaao visiwa vya Hawaii na wakaao California. Wale wa Japani waliugua moyo kwa uchache, wa Hawaii wakawazidi, na wa California wakaongoza. Asili yao ilikuwa moja. Chakula na mwenendo wa maisha ndivyo vilivyobadilika.

Ushahidi upo hata nyumbani kwetu. Katika eneo la Lugalawa, wilayani Ludewa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulilinganisha wanavijiji wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao kitoweo chao cha kila siku ni samaki, na wenzao wa milimani walao nafaka na mboga. Ni watu wa asili moja. Walaji wa samaki walikutwa na shinikizo la damu la chini zaidi, kolesteroli kidogo zaidi, na hata ile lipoprotini (a) ya kurithi ilikuwa pungufu.

Hali kadhalika, uchunguzi mkubwa wa nchi 52 uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mambo tisa tu, yakiwemo sigara, mafuta ya damu, shinikizo la damu, kisukari, kitambi, mashaka ya moyoni, upungufu wa matunda na mboga, na kutofanya mazoezi, yalihusika na karibu asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo, katika kila bara. Na mwaka 2016 ilithibitika kwamba hata waliorithi hatari kubwa, wakiishi maisha ya afya, hupunguza hatari hiyo kwa karibu nusu.

WAJIBU WA KILA FAMILIA

Ndugu msomaji, hatua ya kwanza haigharimu hata senti. Waulize wazee wako: nani katika ukoo alifariki ghafla, na akiwa na umri gani? Baba au kaka aliyepatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya miaka 65, hiyo ni ishara kwako na kwa watoto wako. Iandike, nawe umweleze daktari.

Pili, chunguza mwili. Vinundu vigumu kwenye mshipa wa kisigino au vifundo vya vidole, madoa ya manjano kwenye kope, au duara la kijivu kuzunguka mboni kwa mtu asiyefika miaka 45, ni dalili za mafuta ya kurithi. Akigundulika mmoja, ndugu zake na watoto wake wote wapimwe damu, hata wakijiona wazima.

Tatu, pima shinikizo la damu. Likifika 140 kwa 90 mara kwa mara, usilipuuze. Acha sigara, punguza chumvi na vyakula vya kukaanga, tembea kwa miguu. Na kwa yule ambaye chakula na mazoezi havimtoshi, zipo dawa za jamii ya statini, ambazo chanzo chake kilikuwa ukungu uliochunguzwa na Akira Endo wa Japani katika mwaka wa 1973. Ni vidonge vya kumezwa kila siku, si vya kuachwa mtu ajisikiapo vizuri.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ukoo unaowarithisha watoto shamba na nyumba hauna budi kuwarithisha pia habari za maradhi yake, kwani mtoto ajuaye kilichomuua babu yake ana nafasi ya kuishi miaka ambayo babu huyo hakuipata.